Kuonja Si Kula

Sahani za maharage zilianza kurudi dirishani kabla foleni haijafika hata katikati, na kila iliyorudi ilikuwa imeguswa kijiko kimoja tu. Mtu wa kwanza aliisukuma ya kwake taratibu, kwa adabu, kama anayerudisha posa. Wa pili akakohoa. Wa tatu, fundi mitambo mwenye sauti ya kushindana na mashine zake, akauliza kama siku hizi jikoni wanapikia maji ya bahari. Foleni nzima ikaangua kicheko, na mpishi mkuu, upawa mkononi, akahisi masikio yanamchemka. Lilikuwa joto la kwanza kulihisi wiki ile, maana siku hizo alikuwa anatetemeka baridi hata akiwa mbele ya jiko.

Kicheko hakikumtisha. Kilichomtisha ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ametoka kula sahani nzima ya maharage hayo hayo, mbele ya macho ya watu, na hakuhisi kitu.

Ndiyo ilikuwa sheria ya jiko lile, tena kaitunga mwenyewe: anayesema sufuria iko tayari ndiye anayekula sahani ya kwanza, amesimama pale dirishani, foleni ikimtazama. Kantini ya kiwanda cha nguo ililisha mamia ya watu, wa zamu ya mchana na wa zamu ya usiku, na kwa sheria hiyo hakuna aliyewahi kuuliza chakula kimekaaje. Wapishi walimbatiza Jenerali. Kisogoni lakini. Mbele yake walimwita mama, mikono nyuma.

Meneja alimwita ofisini, akafunga mlango, akaanza kumsifu. Jenerali akajua hapo hapo kwamba mambo yameharibika, kwa sababu bosi akianza na sifa, mkia wa maneno yake una miiba. Na miiba ikaja. Oda kubwa ikikamilika, wanunuzi watakuja kukagua kiwanda na watakula kantini pamoja na wafanyakazi. Sufuria ikiharibika tena, siku ile au kabla yake, upawa utakwenda kwa msaidizi wake, na yeye atahamia stoo kuhesabu magunia. Halafu meneja akamtazama usoni, akamwambia kwa upole kuliko vyote alivyosema, "Mama, uso wako umevimba. Nenda hospitali."

Akaenda. Wakamtoa damu, na majibu yakasema kwamba tezi ya shingo, ile iliyojibandika chini ya koo kama kipepeo, imelegea na haitoi homoni ya kutosha. Ndiyo maana ya baridi, uchovu, nywele kubaki kwenye kitana, na ulimi kuwa kama umefungwa kitambaa. Daktari akampa kidonge cha kila alfajiri. Na kwa kuwa alilalamika pia tumbo kujaa gesi na kukata, na usingizi kumpitia mbali kama mdeni anayemkwepa, daktari akampeleka chumba cha pili kwa mtaalamu wa lishe.

Mtaalamu alikuwa kijana mtaratibu, anayeongea kama anapima maneno kwa mizani. Alianza kwa kusema chakula ni msaidizi tu, kidonge asikiache hata ajisikie mzima vipi. Kidonge kinywewe kwa maji matupu, tumbo tupu, kisha asubiri saa nzima kabla ya kutia kitu mdomoni, na maziwa, soya na kahawa vikae mbali nacho kabisa, vinakizuia kuingia mwilini. Kwa ajili ya tumbo, wiki chache bila vitunguu, vitunguu saumu, maharage, kabichi wala maziwa, halafu watarudisha kimoja kimoja wamjue mkorofi ni nani. Kwa ajili ya usingizi, hakuna kahawa baada ya mchana, na chakula cha jioni kiwe chepesi na cha mapema.

"Ukifuata," akasema, "mwili utakujibu."

Aliyeyabeba maneno hayo kama amri ya jeshi ni mdogo wake, fundi cherehani, aliyekuwa anaishi naye tangu mume wa Jenerali aanze kuendesha malori ya safari ndefu na kuja nyumbani kama mgeni. Huyu mdogo mtu, nyie, alikuwa anashona nguo ukaikosa mishono, lakini jikoni hakuwa na bahati. Hata hivyo alijitosa. Kila alfajiri aliacha kitanda chake, akachemsha wali, karoti, yai au kipande cha kuku, akavitia kwenye bakuli lenye mfuniko, akambebesha dada yake. Jioni alimwekea kingine. Na Jenerali, bingwa wa kukosoa vyakula vya watu, alikula vyote hadi akafuta sahani, hakusema neno. Mdogo wake akaanza kujiona kumbe na yeye ni mpishi.

Shida ni kwamba mwili haukujibu.

Wiki zilipita na tumbo likaendelea kuvimba kama ngoma ya arusi. Baridi ikabaki mifupani. Usiku alilala macho kwenye dari, akisikiliza cherehani ya mdogo wake ikikatika, kisha kimya, kisha majogoo. Kila alipofikiria wanunuzi, aligeuza mto. Aliporudi kupimwa, kipimo cha damu kilikuwa kimesogea kidogo tu, kama mtu aliyegeuka ubavu akaendelea kulala. Kijana wa lishe aliangalia karatasi, akaangalia meza, akauliza kwa sauti ya chini kama kweli anafuata.

"Nafuata," Jenerali akasema.

Mdogo wake alikuwepo. Ni mwanamke ambaye hata akiwa na pini mdomoni huongea, lakini alijizuia hadi nyumbani. Walipofika nyumbani akavua viatu, akakaa, ndipo akasema, "Mimi naamka giza dada, ili wewe uende kula vya siri?"

Jenerali akaapa. Akaapa kwa marehemu mama yao. Mdogo wake akamjibu kwamba mama amwache apumzike.

Kesho yake asubuhi fundi cherehani hakufungua duka. Alikwenda kiwandani, akaomba kupita mlango wa nyuma wa jikoni kwa kisingizio kwamba dada kasahau bakuli, akajibanza nyuma ya magunia ya mchele, akatazama.

Jenerali hakujua. Alikuwa amemeza kidonge chake nyumbani, akatembea ile njia fupi, na sasa alikuwa kwenye sufuria ya uji wa asubuhi, uji wa maziwa na unga wa soya. Akachota, akapuliza, akaonja. Akatia sukari. Akaonja tena. Ulimi haukumwambia kitu, akaonja mara nyingine. Akahamia kwenye vitunguu vilivyokuwa vinakaangwa, akalamba mwiko. Akaenda kwenye maharage.

"Dada."

Upawa ulimponyoka. Wapishi wote wakageuka, na Kiwembe, msaidizi wake, akaacha kukata karoti. Huyu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kisu cha mbio na ulimi wa mbio zaidi, ndiyo maana ya jina.

"Unakula nini?" mdogo wake akauliza.

"Sili. Naonja."

"Na hicho kilichopita kooni kimekwenda wapi?"

"Kuonja si kula," Jenerali akasema, kwa utulivu wa mtu anayesema maji yanalowesha. Na aliamini. Tangu aambiwe ugonjwa wake alikuwa ameiacha hata sahani ya kwanza, maana hiyo ni kula. Sahani ilibaki pale dirishani imefunikwa, hakuna aliyethubutu kuigusa. Lakini kijiko cha kuonja? Hicho ni kazi. Nani amewahi kumwambia fundi cherehani kwamba anavaa nguo anazozipima?

Mdogo wake hakubishana. Alichukua bakuli kubwa safi kwenye rafu, akaliweka mezani, akavuta kigoda. Akamwambia apike kama kawaida yake, ila kila atakachoonja, kiasi kile kile akitie na humo ndani.

Mbele ya wasaidizi wake ilikuwa aibu. Kukataa kungekuwa aibu zaidi, kwa hiyo akakubali, akiwa na hakika ya kumuumbua mdogo wake kabla ya saa ya chai. Akarudi kwenye uji, akaonja, akatia kijiko bakulini. Akaonja maharage, akatia. Akaonja mchuzi, akatia. Kabichi, akatia, akarudia kabichi kwa sababu hakuwa na uhakika. Tangu siku ile ya chumvi hakuwa na uhakika wa chochote, na kadiri alivyokosa uhakika ndivyo mkono ulivyorudi kwenye sufuria. Hata visu vikapunguza sauti. Kila mtu akawa anaangalia bakuli kwa pembe ya jicho. Alasiri ikaja kahawa ya zamu ya usiku, ile nzito ya kuwakesheza watu wa mashine, na yeye ndiye aliyekuwa anaipima ukali kwa mdomo wake, vikombe vya nusu nusu, mpaka ikae sawa.

Bakuli likajaa. Si kwamba lilikaribia kujaa, lilijaa mpaka kahawa ikamwagika mezani. Ndani mlikuwa na rangi isiyo na jina: uji, maharage, vitunguu, kabichi, maziwa, vyote alivyokatazwa, vinaelea pamoja kama majirani waliogombana.

"Hiki ndicho chakula chako, dada," mdogo wake akasema, na sauti yake haikuwa ya ushindi. "Changu mimi ni kitafunwa."

Jenerali akakaa kwenye kigoda. Kila kitu kikajipanga chenyewe kichwani. Kidonge kinashuka, nyuma yake kinafuata kijiko cha maziwa na soya. Tumbo linaombewa amani huku linapigwa mawe siku nzima. Usingizi unatayarishiwa kitanda huku unafukuzwa kwa kahawa. Na ulimi uliokufa kwa sababu ya ugonjwa unamfanya aonje zaidi, na kuonja kunaulisha ugonjwa. Alikuwa anajikimbiza mwenyewe kuzunguka sufuria.

"Basi sitaonja," akasema. Halafu akasikia alichokisema, na jiko zima likasikia. Mpishi asiyeonja, na wanunuzi wako njiani.

Kiwembe akafuta kisu chake kwa aproni. "Na mimi nina la kusema, mama, heri nilitoe leo. Siku ile ya maharage nilionja kabla hayajatoka. Nilijua."

Jenerali akainuka kwenye kigoda.

"Ukanyamaza," Jenerali akasema.

"Asubuhi ile ile uliniambia nifunge mdomo, kwamba jiko hili lina ulimi mmoja. Nikaufunga."

Ilikuwa kweli, na ubaya wa ukweli ni kwamba hauna pa kuushika ukautupa. Jenerali alikumbuka maneno yake neno kwa neno. Alimtazama yule mwanamke aliyemwacha atembee hadi dirishani na sahani ya chumvi, mwanamke ambaye siku ya kuharibika sufuria ndiyo siku yake ya kupandishwa cheo. Kisha akawatazama wengine. Wazuri wa mikono, lakini wangemwambia tamu hata akiwapa povu la sabuni, kwa kumwogopa. Ulimi mwingine mle ndani ulikuwa mmoja tu.

"Kuanzia kesho utaonja wewe," akamwambia Kiwembe.

Ikawa hivyo. Siku za mwanzo mkono ulikuwa unajiendea wenyewe mdomoni, kama wa mtoto anayenyonya kidole, mpaka akaamua kujifunga kitambaa cha jikoni puani na mdomoni. Wapishi wakasema Jenerali sasa kawa jambazi, anavizia wali. Safari hii walisema akisikia, na yeye hakuwafokea, hiyo pia ikawa habari. Alipika kwa pua, kwa macho, kwa mlio wa mafuta. Kiwembe alionja na kusema moja kati ya maneno mawili, bado au imekaa, na kila aliposema imekaa, Jenerali alihisi anavuka mto kwenye gogo lililolazwa na adui.

Tumbo ndilo lililotangulia kujibu. Likatulia, asubuhi moja tu hivi, akashtuka sketi inafunga. Usingizi ukaanza kurudi kwa kunyata, leo unakuja, kesho hauji, kisha ukaja siku mbili mfululizo. Baridi ilikuwa ya mwisho kuondoka, nayo haikuaga. Damu angepimwa tena baadaye. Lakini wageni walikuja kwanza.

Meneja, kwa akili zake, aliagiza maharage.

Siku hiyo jiko liliwashwa mapema. Nje, foleni ilishaanza kuvuma, na kupitia dirishani Jenerali aliona wanunuzi wanne waliovaa suti wakisimama kwenye mstari na trei zao kama wafanyakazi, meneja nyuma yao anatabasamu kwa meno tu. Maharage yalichemka mazito, ya rangi nzuri, yana harufu ya kumwita mtu kwa jina lake. Alikuwa ametia chumvi kwa kiganja, kama alivyotia miaka yote. Kiwembe akachota, akapuliza, akaonja, akaangalia juu.

"Bado. Ongeza konzi moja."

Konzi moja, chumvi ya kujaa ngumi. Kwa sufuria ile, konzi moja ndiyo tofauti ya mchuzi na bahari. Jenerali akashika kopo la chumvi, lakini mkono ukagoma. Akamtazama Kiwembe usoni na hakuona kitu; uso ule ulikuwa umefungwa kama duka siku ya msiba. Huyu ndiye aliyejua akanyamaza. Na mara hii hahitaji hata kunyamaza, anahitaji neno moja tu.

Akakishusha kitambaa. Akachota kijiko, akakileta mpaka midomoni, akahisi mvuke. Kijiko kimoja, nani angejua? Kwenye rafu, lile bakuli kubwa lilikuwa limekaa, safi, tupu. Na hata akionja, ulimi huu huu ndio uliokula sahani nzima ya chumvi ukasema tayari. Angekuwa anamuuliza mwongo amhukumu anayemshuku.

Akakirudisha kijiko.

"Una hakika?"

"Mama, mkono wako leo umeogopa," Kiwembe akasema kwa sauti ya chini, wengine wasisikie. "Ulikwenda na kiganja kimejaa, nusu ukairudisha koponi. Nimekuona. Siku ile uliniambia nifunge mdomo. Leo umeniomba niufungue, basi niamini au uniambie niufunge tena."

Jenerali hakukumbuka kurudisha chumvi. Akaangalia kando ya kopo, na kweli, punje zilikuwa zimetapakaa mezani. Akachota konzi moja, akaimwaga kabla hajapata muda wa kujiuliza, akakoroga. Kiwembe akasubiri, akaonja. Imekaa.

Halafu Kiwembe akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Akachukua sahani, akapakua, akaenda dirishani, akasimama mbele ya foleni nzima na wageni na meneja, akaanza kula. Taratibu, kijiko kwa kijiko. Jenerali alitazama taya zile zikienda na kurudi na hakupata habari yoyote. Sahani ya kwanza ikaisha. Foleni ikasogea.

Wageni wakala. Wafanyakazi wakala. Vilisikika vijiko tu, na Jenerali hakujua kama huo ni ukimya wa utamu au wa adabu mbele ya wageni. Kisha akamwona fundi mitambo anainuka, anakuja na sahani yake mkononi, moja kwa moja hadi dirishani.

Fundi mitambo akaisukuma sahani. Ilikuwa nyeupe, imefutwa.

"Ongeza," akasema. "Bahari imekauka."

Baadaye meneja aliingia jikoni na hakumsifu. Alilalamika kwamba maharage yameisha kabla mgeni mmoja hajarudia, na kwamba siku nyingine wapike ya kutosha. Jenerali akajua upawa umebaki wake. Akamwambia bosi kwamba kapika yeye lakini kaonja msaidizi, alitaje jina hilo huko juu. Kiwembe akajifanya anatafuta kisu. "Sawa, Jenerali," akasema, kwa mara ya kwanza mbele ya uso wake.

Jioni, jua bado liko dirishani, mdogo wake akamwekea sahani yake ya kila siku, wali na karoti na kuku wa kuchemsha, akakaa akisubiri habari yote tangu mwanzo. Jenerali akatia kijiko mdomoni, akatafuna, akaacha kutafuna. Akatia kingine. Akakiweka kijiko chini.

"Mdogo wangu," akasema polepole, "hivi chakula hiki hakina chumvi?"

Fundi cherehani akatuna. Kumbe siku zote hizo anaamka giza, sahani zinafutwa, leo dada kashiba sifa za kiwandani ndiyo anaona kasoro. "Sijawahi kukitia chumvi hata siku moja," akajibu. "Mbona hujawahi kusema?"

"Sikuwahi kujua."

Mdogo wake akaacha kutuna. Akainuka, akaenda jikoni, akarudi na kopo la chumvi, akaliweka katikati ya meza, akachota chumvi kwa vidole juu ya sahani ya dada yake.

"Haya," akasema. "Niambie ikifika."